Mnara wa Enger, Duluth: maswali mnayoniuliza kila kiangazi kabla ya kwenda kuliona Ziwa Superior

Kila mwaka theluji ikishaisha tu simu yangu inaanza kuita, mara shangazi anakuja kutoka Dar, mara kuna wageni wa harusi, mara familia imehamia Minneapolis huku Marekani na watoto wamechoka kukaa ndani, na wote wanauliza kitu kile kile, ule mnara wa mawe kule Duluth unaoliangalia ziwa, tunafikaje na tukifika tunafanya nini. Nimeshapeleka watu pale mara nyingi mpaka nimepoteza hesabu, akiwemo mama yangu mzazi aliyekulia Mwanza na kuogelea Ziwa Victoria kabla hajaanza shule, kwa hiyo nimeamua kuandika majibu yote sehemu moja. Napapenda pale kuliko sehemu nyingine yoyote Minnesota, mtaona wenyewe.

Mnara wa Enger ni kitu gani hasa, na uko wapi?

Ni mnara wa mawe wa kuangalilia mandhari, una ghorofa tano, urefu kama mita 24, umejengwa kwa pembe nane kwa jiwe gumu la rangi ya buluu iliyoingia kijivu. Uko juu ya kilima ndani ya bustani ya Enger, mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani. Mita 24 kwenye karatasi sio kitu, najua, mnaokaa Dar mna majengo marefu mara tano ya hapo. Ila mnara wenyewe umekaa juu ya mlima, kwa hiyo ukisimama ghorofa ya juu uko zaidi ya mita 150 juu ya maji ya ziwa na hakuna kitu kimekukinga mbele. Mji mzima uko chini ya miguu yako kama umetandikwa kwenye mkeka.

Sio mnara wa kuongozea meli. Wengi wanachanganya kwa sababu una taa juu, lakini minara ya kuongozea meli iko kule chini kwenye mlango wa bandari.

Kiingilio shilingi ngapi?

Bure. Hakuna tiketi, hakuna geti, hakuna wa kukuuliza unatoka wapi. Unapaki gari bure pia, unatembea kidogo kwenye njia, unaingia mlangoni, unapanda. Kuna ndugu mmoja alisimama pale chini akitafuta dirisha la kulipia, hakuamini.

Nafikaje kutoka Minneapolis?

Shika barabara kuu ya 35 kwenda kaskazini, usiiache mpaka uione Duluth, ni kama kilomita 250, masaa mawili na nusu kama hujasimama njiani (na mtasimama, mkiwa na watoto mtasimama). Barabara hii inaanzia Laredo huko Texas mpakani na Mexico na inakuja kuishia hapo hapo Duluth.

Sasa sikiliza hapa. Ukikaribia mji kuna sehemu barabara inafika mgongo wa kilima alafu inaanza kushuka, na ghafla ziwa lote linatokea mbele ya kioo. Kila niliyempeleka amenyamaza hapo. Dereva asiangalie maji, aangalie barabara, maana mteremko ni mkali na magari yanakimbia, ataenda kuangalia vizuri kule juu. Kutoka hapo weka Enger Tower kwenye ramani ya simu itakupandisha mpaka Skyline Parkway, barabara ya zamani inayozunguka mabega ya vilima vya Duluth, nayo inakufikisha bustanini.

Basi za kutoka Minneapolis kwenda Duluth zipo, ila zinakuacha mjini chini na huko kilimani utahitaji teksi au mtu wa kukupandisha. Kupanda kwa miguu kutoka mjini inawezekana, lakini ile ni mlima, sio matembezi ya baada ya chakula.

Huyo Enger alikuwa nani mpaka akajengewa mnara?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na watu wachache sana wanauliza.

Bert Enger alikuwa mhamiaji. Alitoka Norwe, akaja Marekani kama walivyokuja maelfu ya Wanorwe enzi zile kutafuta maisha, akaishia Duluth akiuza fanicha. Vitanda, meza, makabati, vitu ambavyo kila mtu aliyehamia mji mpya anavihitaji siku ya kwanza, nadhani wote mnaosoma hapa mnakumbuka mlilala wapi wiki ile ya kwanza kabla hamjapata godoro. Biashara ikamkubali. Akiwa hai alitoa pesa kwa ajili ya bustani hiyo ili watu wote wa mji waitumie, na alipofariki mwaka 1931 ikaonekana ameachia mji wa Duluth sehemu kubwa ya mali yake.

Mji ukamjengea mnara kwenye kilima kile kile. Ulizinduliwa Juni 1939, na aliyekuja kuuzindua ni mwanamfalme Olav wa Norwe pamoja na mkewe Märtha. Fikiria, muuza fanicha aliyeondoka kwao, anakuja kuenziwa na mtoto wa mfalme wa nchi aliyoiacha, huku yeye mwenyewe ameshalala miaka minane. Mnara hakuuona. Hakupanda ngazi hata moja.

Kuna mwendelezo. Chini ya mwaka mmoja baada ya uzinduzi ule, Aprili 1940, Ujerumani ikaivamia Norwe, familia ya kifalme ikakimbia, Märtha na watoto wakaja kuishi Marekani mpaka vita viishe. Mmoja wa watoto hao ni Harald, ambaye wakati wa uzinduzi alikuwa na miaka miwili tu. Harald huyo huyo, akiwa sasa mfalme wa Norwe, alikuja Duluth na Malkia Sonja Oktoba 2011 kuuzindua mnara upya baada ya kukarabatiwa. Baba alikuja 1939, mtoto akaja 2011, mnara ule ule.

Mimi nikipeleka watu waliohamia huku juzi juzi huwa nawaambia habari hii tukiwa bado chini, kabla hatujapanda, maana unapanda ukiwa na moyo mwingine kabisa. Watu wengi tunakuja huku tukijiona wapita njia. Huyu alikuja na mikono mitupu, akaondoka ameacha kilima kizima kwa watu asiowajua.

Kuna lifti? Mama yangu magoti yanamsumbua.

Lifti hakuna, ni ngazi tu kuanzia chini mpaka juu, zinazunguka ndani ya mnara. Ila usimkatie mama tamaa mapema. Kila ghorofa ina uwazi pande zote, ni kama madirisha makubwa yasiyo na vioo, kwa hiyo hata akifika ghorofa ya pili akasimama hapo tayari anaona ziwa na bandari vizuri tu. Mama yangu alipanda kwa vituo, ghorofa moja, anaegemea ukingo wa dirisha, anapumua, anaangalia, anasema haya twende, ghorofa nyingine. Ilituchukua karibu nusu saa na ndo nusu saa nzuri kuliko zote za safari ile. Kila ghorofa aliyosimama aliona kitu kipya, kwanza miti ikawa chini yake, alafu paa za nyumba, alafu daraja.

Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupanda, niseme wazi. Lakini bustani yenyewe ina njia na sehemu za kuangalilia ukiwa chini, na mandhari kutoka hapo sio ya kuhurumiwa, unaona bandari na ziwa bila kupanda hata kidato kimoja. Msimwache mtu kwenye gari.

Nikifika juu naona nini?

Simama uangalie ziwa alafu zunguka polepole, maana kila upande una habari yake.

Mbele yako ni maji. Ziwa Superior linaanzia hapa, Duluth ndo ncha yake ya magharibi kabisa, na kutoka hapo linakwenda mashariki zaidi ya kilomita 500. Mkono wa kushoto ni ufukwe wa Minnesota unaopanda kuelekea Kanada, mkono wa kulia ni Wisconsin, na pwani zote mbili zinakwenda zikiachana mpaka katikati panabaki maji na mbingu tu.

Kati ya mji na ziwa utaona ukanda mrefu mwembamba wa mchanga wenye nyumba na miti, unaitwa Park Point, umejilaza kama ulimi ukitenganisha ziwa na bandari. Pale unapoanzia ndo pana lile daraja la chuma linaloonekana kwenye kila kadi ya Duluth. Lilijengwa 1905, wakati huo lilikuwa na kama kibanda kinachoning'inia kikivusha watu na mikokoteni kutoka upande huu kwenda ule, alafu mwaka 1929 na 1930 wakaligeuza, sasa kipande chote cha katikati kinapanda juu kizima kizima kama lifti, mita 41 hivi, meli inapita chini yake. Kutoka mnarani unaliona lote, linavyopanda na linavyoshuka, na magari yaliyopanga foleni pande zote mbili kama sisimizi.

Ukigeuka kulia unaona bandari, maghala ya nafaka, magati marefu ya kupakia chuma yanayoingia majini, na madaraja ya kuvuka kwenda mji wa Superior, jimbo la Wisconsin. Chuma hicho kinatoka migodi ya Mesabi kaskazini ya hapa, kinasagwa na kufinyangwa vidonge vidogo vya mviringo, ukiviokota ni kama gololi zilizoshika kutu. Treni inavileta, vinamiminwa kwenye meli, meli inavipeleka viwanda vya chuma huko Indiana na Ohio.

Nyuma yako ni misitu na uwanja wa gofu. Wengi hawageuki kabisa. Mwisho wa Septemba geukeni, majani yanakuwa mekundu na manjano mpaka unadhani kilima kinaungua.

Meli zinapita saa ngapi?

Hazina ratiba kama daladala, ila siku hizi programu ya MarineTraffic kwenye simu inakuonesha kila meli iko wapi na inaelekea wapi. Mkiona meli inakaribia Duluth, pangeni mda wenu kuifuata hiyo meli. Mimi nasema hivi na naendelea kusema: usishuke mnarani bila kuona meli moja ikiingia. Subiri. Kaa. Watu wanapanda, wanapiga picha tatu, wanashuka ndani ya dakika kumi, alafu meli inatokea wakiwa barabarani kurudi.

Inaanza kama kidoti. Unabishana na wenzako kama ni meli au ni wingu. Inakua taratibu sana, mpaka unaona ni ndefu kupita kiasi, na hapo ukumbuke meli kubwa kuliko zote katika Maziwa Makuu ya huku Amerika Kaskazini, Superior likiwa mojawapo, inaitwa Paul R. Tregurtha, ina urefu wa mita 309, yaani viwanja vitatu vya mpira kwa ncha. Ikifika karibu na mlango inapiga honi, daraja nalo linaijibu kwa honi yake, na sauti hizo zinapanda mpaka kule juu zikiwa zimechelewa kidogo nyuma ya unachokiona. Watoto wote wanapiga kelele hapo. Wazee pia.

Zipo za aina mbili. Zile ndefu zinaishi kwenye haya haya Maziwa Makuu hazitoki kamwe, ni kubwa mno kwa milango ya maji ya huko chini, yaani vile vyumba vya kupandishia na kushushia meli. Nyingine ni za baharini, fupi zaidi, zimekuja kutoka Atlantiki kwa njia ya mto Mtakatifu Lawrence iliyofunguliwa 1959, safari ya kama kilomita 3,700 kuingia katikati ya bara, mara nyingi kuja kuchukua nafaka.

Katikati ya Januari mpaka karibu tarehe 25 Machi hakuna meli za masafa, milango ya maji ya Soo, ambayo meli zinapita kutoka Superior kwenda maziwa mengine, inafungwa kwa ajili ya barafu na matengenezo. Mkija Februari kuona meli mtaona zilizolala tu gatini.

Hivi ni kweli ni kubwa kuliko Ziwa Victoria?

Ndiyo, na sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunaumia kusikia, lakini ukweli ni ukweli. Superior lina eneo la kilomita za mraba 82,100 hivi, Victoria lina kama 68,800, la kwanza na la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji yasiyo na chumvi. Rwanda na Burundi zote mbili zingeingia ndani ya Superior na nafasi ikabaki. Kwa kina halilingani na letu kabisa, Victoria sehemu yake ya kina kuliko zote ni kama mita 80, Superior ni mita 406.

Ila msiinamishe vichwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ujazo wa maji unaozidi wa Superior kwa mbali, kilomita za ujazo kama 18,900 kwa 12,100. Watu wa Kigoma mkifika pale juu semeni kwa sauti.

Na kuna undugu mwingine ambao ulinishika sana nilipoujua. Miaka kama bilioni 1.1 iliyopita hapa ardhi ilianza kupasuka, bara lilitaka kugawanyika vipande viwili, volkano zikatapika lava kilomita kwa kilomita, alafu kazi ikaishia njiani. Ziwa limekaa kwenye kovu la ufa huo, baadaye sana barafu nzito za enzi ya barafu ndo zikaja kulichimba likawa bonde. Mwamba mweusi mzito ulio chini ya kilima cha Enger umetoka humo humo. Sasa kwetu ufa kama huo unaendelea leo hii, Bonde la Ufa, na Tanganyika limekaa ndani yake. Ukishika ule mwamba kilimani unashika kitu ambacho kwetu bado kinatengenezwa.

Niende mwezi gani?

Mwisho wa Mei mpaka katikati ya Oktoba. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua wiki ya mwisho ya Septemba. Juni na Julai mchana ni mrefu hadi kushangaza, jua linachomoza saa kumi na moja na robo alfajiri na linazama saa tatu usiku, Waislamu mtakaokuja mjue Magharibi ni saa tatu hiyo. Desemba ni kinyume, saa kumi na nusu jioni jua limeshazama.

Msimu wa baridi mimi sipeleki wageni. Januari wastani ni kama nyuzi 12 chini ya sifuri, na mnara hauna vioo, upepo unapita ndani kama mwenye nyumba, na ngazi zikishika barafu ni hatari tupu.

Nasikia kuna ukungu, ni kweli unaweza kwenda usione kitu?

Ni kweli na imenitokea. Niliwapeleka watu saba, wengine wametoka Texas, mwezi wa sita, Minneapolis tumeondoka jua kali watu na fulana, tumefika juu ya mnara hatuoni hata miti ya paking. Weupe mtupu. Tukasikia honi ya meli huko chini na meli yenyewe hatukuiona. Niliona vibaya sana siku ile.

Sababu ni kwamba maji ya Superior ni ya baridi mwaka mzima, hewa ya joto ya mwanzo wa kiangazi ikipita juu yake inageuka ukungu. Kwa hiyo Mei na Juni angalia kamera za mji mtandaoni kabla hujawasha gari, Duluth ina kamera zinazoonesha daraja mda wote. Na mkifika mkakuta ukungu msiondoke papo hapo, nendeni mkale kwanza. Siku nyingine nilikuta ukungu umelala chini, mnara uko juani, na kule chini kwenye pamba yote ile inatokeza ncha ya daraja peke yake. Nimekaa nikaangalia mpaka kahawa ikapoa mkononi.

Nivae nini?

Beba sweta au koti hata kama ni Julai, usibishane na mimi. Watu wa huku wana msemo wao kwenye utabiri wa hali ya hewa kwamba karibu na ziwa ni baridi zaidi, na unaweza kutoka nyuzi 30 ukaikuta 16 kwa masaa mawili ya barabara. Viatu vya kufunga, sio ndala. Mama yangu alikataa koti langu akajifunika khanga mbili, ya tatu akafunga kichwani, upepo ukaipeperusha pale dirishani ikawa kama bendera na Wazungu wawili wakaomba kumpiga picha.

Watoto wadogo je?

Waje. Kuna vizuizi kwenye madirisha, lakini mtoto wa kupanda panda mshike mkono, na kigari cha mtoto kiache chini. Wakichoka na mnara wana nyasi za kukimbia.

Ile kengele kubwa chini ya mnara ni ya nini, tunaruhusiwa kuipiga?

Mnaruhusiwa, na mpige. Ni kengele ya amani, iko kwenye bustani ya Kijapani hapo hapo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia manowari ya Marekani iliyoitwa Duluth ilirudi na kengele ya hekalu kutoka Japani, ikawekwa jengo la mji wa Duluth. Baadaye ikajulikana ni ya watu wa Ohara, mji wa huko Japani, wakarudishiwa mwaka 1954. Miji hiyo miwili ikaja kuwa miji dada, na iliyopo leo ni nakala ya ile ya asili. Unavuta gogo lililoning'inizwa, unaliachia taratibu likagonga. Sauti yake ni nzito na inakaa, ukiweka kiganja kwenye shaba unaisikia bado inatetemeka wakati sikio limeshaacha kusikia.

Tunaweza kula pale?

Bebeni chakula chenu, kuna meza, na familia nyingi zinakuja na pikiniki zao. Maduka hakuna kilimani. Wikendi za kiangazi mtakuta maharusi wanapiga picha kwenye maua, muwapishe. Vyakula vya kununua viko chini Canal Park karibu na daraja, dakika kama kumi kwa gari, ila kule paking inalipiwa. Mkiwa huko ingieni jumba la makumbusho ya meli lililo pembeni ya mfereji, nalo ni bure.

Picha nzuri zinatoka saa ngapi?

Mchana kuanzia saa tisa mpaka jioni. Asubuhi jua liko upande wa ziwa, mtatoka vivuli vyeusi wote.

Tukitoka mnarani tunaweza kuogelea ziwani?

Park Point ina mchanga mzuri, lakini maji hata Julai yanauma mifupa, na kuna mikondo inayovuta mtu kutoka ufukweni. Angalieni bendera, ikiwa nyekundu hakuna kuingia. Ziwa hili halina mzaha. Tarehe 9 Novemba 1975 meli Edmund Fitzgerald iliondoka hapo mji wa Superior imejaa chuma, gati lake liko upande wa kulia ukiwa mnarani, kesho yake usiku ikazama kwenye dhoruba na watu wake wote 29, hakuna hata mmoja aliyeokoka. Sisi wa Mwanza tuna 21 Mei 1996 yetu, MV Bukoba, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mama nilipomwambia habari ya meli ile alinyamaza, akauliza tu majina yao yameandikwa wapi.

Usiku kuna cha kuona?

Juu ya mnara kuna taa ya kijani, inaonekana mbali sana, mimi huwa naitafuta kwanza nikiwa nashuka barabara ya 35 usiku. Kaeni mpaka jua lizame mwone mji unavyowaka chini na taa za daraja zinavyoshuka majini, ila msijisahau sana, bustani za mji zinafungwa usiku, kuna kibao mlangoni kinaonesha saa.

Mama alikaa kwenye benchi siku ile akiangalia giza la ziwani mda mrefu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta karabai za wavuvi wa dagaa, maana kwao saa zile maji yote yangekuwa yamejaa taa. Hapakuwa na hata moja. Ila mbali kabisa kulikuwa na taa mbili zimekaribiana, zinakuja, akazishikilia kwa kidole mpaka tukasikia honi.